Nani Aruhusiwe Kuandika Morfini?



Mgonjwa wa kansa aliyerudishwa nyumbani kwa kuwa hospitali haina la kufanya tena, bado ana usiku mrefu wa kupita. Katika mitaa kama yetu ya Bel-Air, anayemfikia kwanza mara nyingi ni muuguzi wa kituo cha afya. Je, muuguzi huyo aruhusiwe kumwandikia morfini?

Waganda walilijibu swali hilo mwaka 2004. Kabla ya hapo ruhusa ilikuwa ya madaktari, pamoja na madaktari wa meno na wa mifugo. (Ajabu: aliyetibu ng'ombe aliruhusiwa, aliyekesha na mgonjwa hakuruhusiwa.) Kanuni mpya zikawafungulia mlango wauguzi na matabibu, kwa sharti kwamba kwanza wasomee utunzaji wa wagonjwa mahututi wa namna hii. Kozi hiyo, ya miezi tisa, ilitolewa na Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa Kampala mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, aliyewahi kuwa mtawa mmisionari. Humo mtu hujifunza kuyapima maumivu, kuanza na kipimo kidogo na kukipandisha taratibu, kuongeza dawa ya kulainisha choo, na kutunza hesabu ya dawa. Morfini yenyewe ni maji ya kunywa yaliyotengenezwa kwa unga, haidai sindano.

Wapo watakaosema: tramadoli tayari inawaharibu vijana, tuongeze na morfini? Hofu hiyo naiheshimu. Lakini tramadoli ya kichochoroni hainunuliwi kwa karatasi ya muuguzi aliyefundishwa, mwenye daftari linalokaguliwa. Tukiwanyima wauguzi elimu hiyo, mlevi hapungukiwi na kitu. Anayepungukiwa ni mgonjwa.

Wengine husema mateso ni sadaka, yasiondolewe. Mwaka 1957 Papa Pio XII aliwajibu madaktari wa usingizi kwamba ni halali kutuliza maumivu kwa dawa hizi, hata zikiweza kufupisha maisha, ikiwa hakuna njia nyingine na kifo hakikusudiwi. Anayetaka kuvumilia achague mwenyewe, sisi tusimchagulie.

Mwaka 2017 tume ya jarida la Lancet ilihesabu tani 298.5 za dawa za jamii ya morfini zinazogawanywa duniani kwa mwaka. Nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1.

Ninyi mnaosomea uuguzi, waulizeni walimu wenu: somo la morfini lina saa ngapi katika programu yenu, na baada ya saa hizo mtaruhusiwa kufanya nini?