Madarasa ya uani yajulikane

Sheria ya Elimu Namba 25 ya mwaka 1978 ilimtaka mzazi amwandikishe shule ya msingi mtoto wake aliyetimiza miaka saba, na ahakikishe kuwa anahudhuria. Sheria hiyo hiyo ilikataza kufungua shule isiyosajiliwa. Baina ya amri hizo mbili ndipo yalipochipuka madarasa ya uani: watoto wanne watano wamekusanywa sebuleni, ubao umeegemezwa ukutani, na kijana aliyemaliza kidato cha nne analipwa na wazazi.

Katika mji wa mpakani kama Tunduma jambo hili halishangazi. Mzazi wa Chapwa anayeamka alfajiri kufuata biashara upande wa Nakonde, Zambia, ana sababu ya kutaka mwanawe afundishwe jirani na nyumbani badala ya kukatiza peke yake barabara yenye msururu wa malori. Naye anayetoa fedha yake ilhali shule ya msingi ya Serikali haina ada hawezi kuitwa mzembe.

Hata hivyo, mtihani wa kumaliza elimu ya msingi husajiliwa kupitia shule. Mtoto asiyekuwamo katika daftari la shule hana namba ya mtihani, hata kama anasoma na kuhesabu kuwapita wenzake. Mzazi hugutuka wakati huo, na miaka imekwisha kupita.

Wapo wanaodhani kwamba dawa ni kuyafunga madarasa hayo. Sisi hatukubaliani nao. Kumtuma mgambo akachukue ubao si usimamizi. Taifa hili, lilipoazimia mwaka 1974 kule Musoma kuwapatia watoto wote elimu ya msingi, halikuwa na walimu wa kutosha. Liliwachukua vijana waliomaliza darasa la saba, likawafunza ualimu huku wakifundisha vijijini, kwa masomo ya posta na ya redio. Kasoro zilikuwapo, na wakongwe wa kazi hii wanazikumbuka vizuri. Lakini kijana yule alijulikana jina, alijulikana kituo, na alikuwa na mtu wa kumkagua. Huyu wa uani hana hata kimoja kati ya hivyo.

Wala njia za kando si ngeni kwetu. MEMKWA ilianza kwa majaribio mwaka 1999 ili kuwapokea watoto waliokosa shule, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, imewafikisha wengi kwenye mtihani wa kidato cha nne bila ya kukaa katika darasa la kawaida. Njia hizo zinaaminika kwa kuwa zina msimamizi.

Kwa hiyo tunawataka Maofisa Elimu Kata, wakishirikiana na watendaji wa mitaa, wayaorodheshe madarasa haya nyumba kwa nyumba, bila vitisho. Kila mtoto aandikishwe katika shule iliyo karibu. Wathibiti ubora wamtembelee yule kijana, watazame daftari za watoto, wampe muhtasari wa masomo. Na mwalimu mkuu atakayeletewa mtoto wa miaka tisa asiyepata kuingia darasani asimrudishe kwa kisingizio kwamba amechelewa; ampime, ampangie darasa linalomfaa, na amwandike siku hiyo hiyo.