Tembe za moyo si za kuazimana

Kuna mazoea mabaya yaliyoingia mitaani na vijijini mwetu. Mtu akihisi moyo unamwenda mbio, jirani humpa tembe mbili kutoka kwa chupa yake na kumwambia, "Meza hizi, mimi zilinisaidia." Ni hisani, ndiyo, lakini yaweza kuua.

Moyo huendeshwa na umeme wake wenyewe, na kila hitilafu ya umeme huo ina dawa yake. Chukua mfano wa vyumba vya juu kutetemeka badala ya kupiga. Hali hii huwapata wengi ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni. Daktari hupunguza mbio kwa dawa kama dijoksini, kisha huzuia damu isigande na kuleta kiharusi. Ikiwa vali imekuwa nyembamba mno, dawa ya kuzuia kuganda ingali ni wafarini, na damu sharti ipimwe mara kwa mara.

Lakini wapo waliozaliwa na njia ya ziada ya umeme moyoni. Vyumba vyao vya juu vikitetemeka vivyo hivyo, kisha wapewe dijoksini au verapamili, umeme waweza kupitia njia hiyo ya mkato na kuvikimbiza vyumba vya chini hadi moyo usimame. Dalili ni ile ile, dawa ni ile ile. Mmoja hupata nafuu, mwingine huzikwa.

Hata madaktari walilipata somo hili kwa uchungu. Mwaka wa 1989, utafiti wa Marekani ulioitwa CAST ulionyesha kwamba flekainidi na enkainidi zilituliza mapigo ya ziada kwa watu waliowahi kupata mshtuko wa moyo. Hata hivyo, waliozimeza walikufa wengi kuliko waliopewa tembe zisizo na dawa! Flekainidi bado yatumika, ila kwa wale ambao moyo wao hauna kovu.

Kwa hivyo, ukipimwa umeme wa moyo, omba nakala ya karatasi ile uiweke pamoja na majina ya dawa zako. Mwonyeshe kila anayekutibu, hata kama umekwenda kwa ajili ya malaria au kikohozi, kwani baadhi ya dawa za maradhi hayo nazo huvuruga mapigo. Na moyo ukienda mbio huku ukizirai au kifua kikiuma, usimngoje jirani. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.