Anselm hakuhubiri Mungu mwenye kiboko

Na Neema Mshana

Kila Ijumaa Kuu husikika mahubiri ya namna moja: Mungu alighadhibika, ghadhabu ikatafuta pa kushukia, Mwana akasimama mbele akapigwa badala yetu. Waumini hulia, na machozi yao ni ya kweli. Anayetaka kujua fundisho hilo limetoka wapi huambiwa ni la Anselm wa Canterbury. Anselm anasingiziwa.

Kanisa la kwanza halikuitisha mtaguso wa kuamua msalaba unaokoa kwa njia gani. Kanuni ya imani ya Nikea, ya mwaka 325 na ilivyokamilishwa Konstantinopoli mwaka 381, inakiri kazi ya Kristo kwa ajili ya wokovu wetu. Namna yake imeachwa wazi. Wengi walihubiri ushindi juu ya mauti. Wengine walisema Ibilisi alilipwa fidia, na katika karne ya 4 Gregori wa Nazianzo akalikataa hilo katakata: mnyang'anyi alipwe kwa lipi?

Anselm naye alikataa kumlipa Ibilisi. Kitabu chake, Cur Deus Homo, alikimalizia Italia mwaka 1098, uhamishoni, baada ya kukosana na Mfalme William wa Pili wa Uingereza. Ni mazungumzo na mtawa Boso, muulizaji asiyeridhika upesi. Binadamu, anasema Anselm, anadaiwa na Mungu utii wote. Alipoasi alimnyima Mungu heshima yake, na deni hilo halilipiki, kwa kuwa hata wema anaoutenda leo ulikuwa wajibu wake tangu awali. Zimebaki njia mbili: ama malipizi, ama adhabu. Kristo, asiye na dhambi, hakudaiwa kifo. Alipoutoa uhai wake kwa hiari alitoa zawadi inayozidi deni lote, na adhabu ikakosa nafasi. Hapo pasomwe polepole. Kwa Anselm, Mwana haadhibiwi na Baba. Anatoa.

Aliyelipeleka suala hili mahakamani, Kristo akibeba hukumu yetu, ni mwanamageuzi John Calvin, aliyesomea sheria Orléans. Asidharauliwe; Isaya 53 inampa nguvu. Lakini Calvin huyohuyo, akimfuata Augustino, aliandika kwamba Mungu alitupenda hata kabla hatujapatanishwa naye. Mahubiri ya kiboko yameibakiza mahakama, pendo yakaliacha.

Hasara ya mahubiri hayo inaonekana mtu anapodhulumiwa kweli. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin nchini Uganda. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, aliyewahi kuwa mwalimu Dodoma, alikimbilia Rwanda na mkewe, wakivuka milima kwa miguu. Ijumaa Kuu ya mwaka huo alikuwa kanisani London, moyo umejaa chuki. Msalabani alimwona Yesu akiwaombea msamaha waliomsulubisha, akatambua kwamba yeye hana ruhusa ya kuendelea kumchukia Amin. Mwaka huohuo kikatoka kitabu chake, I Love Idi Amin.

Mungu ambaye lazima apige ndipo asamehe asingemfikisha Kivengere hapo. Angempa sababu nzuri ya kungoja kwanza Amin apigwe.