Fremu ya Fiksi Si Sweta ya Kidato cha Kwanza

Wacha niseme hii kitu, mnikasirikie baadaye: wengi wetu tunaendesha fiksi ambazo si saizi yetu, na tunajua.

Unakumbuka sweta ya kidato cha kwanza? Mikono inapita vidole, mama anaiangalia anasema, "Iko sawa, utakua nayo." Tumelelewa na hiyo akili. Kiatu ni kikubwa? Weka karatasi mbele. Suruali ya mtumba ni ndefu? Peleka kwa fundi apunguze. Sasa tumeleta hiyo hesabu kwa baiskeli. Lakini fremu ni chuma, buda. Hakuna fundi wa cherehani atakupunguzia.

Najua kwa sababu nililipia hilo somo. Fiksi yangu ya kwanza ilikuwa mtumba, saizi 58, rangi ya samawati inang'aa vibaya sana. Mimi nina futi 5 na inchi 7. Muuzaji aliniona nikiisimamia kwa ncha za vidole, akaniambia, "Utaizoea." Nikatoa 15,000, akiba ya miezi minane.

Wiki ya pili nateremka Valley Road, matatu mbele yangu ikasimama ghafla kubeba mtu. Kwa fiksi, gurudumu la nyuma likizunguka, pedali zinazunguka, na miguu yako pia. Kama huna breki, unasimama kwa kuzuia pedali na nguvu ya miguu, huku ukisukuma uzito mbele ili gurudumu la nyuma liwe jepesi na liburuzike. Mimi nilikuwa nimenyooshwa kama kamba ya nguo kufikia usukani, sina mahali pengine pa kusogea mbele. Mguu ukifika chini unanyooka wote, hauna nguvu ya kuzuia chochote. Nikakata kando, nikapunguza mwendo kwa kiatu, nikashuka kwa siti. Bomba la juu likanipokea. Wanaume mnaelewa. Nilikaa kando ya barabara dakika kumi nikijifanya naangalia simu.

Kwa baiskeli ya gia ukichoka unaacha kupiga pedali, unajipanga upya. Fiksi haikupi hiyo nafasi. Ndiyo maana nasema saizi si mambo ya starehe. Saizi ni sehemu ya breki zako.

Sasa sikia. Kabla utoe doh, simama bila viatu, mgongo kwa ukuta. Weka kitabu katikati ya miguu, kivute juu mpaka kiguse pale siti ingegusa. Pima kutoka sakafu hadi juu ya kitabu, kisha zidisha kwa 0.66. Mimi ni sentimita 80, inatoa karibu 53. Na nilikuwa nimenunua 58! Hiyo ni hesabu ya kuanzia tu, na inafaa fremu ambayo bomba lake la juu limelala sawa. Kama linateremka kuelekea siti, namba ya saizi inaweza kukudanganya.

Mitumba mingi stika imeng'oka, kwa hivyo beba futi ya kupimia. Pima kutoka katikati ya krenki hadi juu ya bomba linaloshika siti. Kisha pima bomba la juu, kutoka chini ya siti hadi kwa usukani. Hiyo ya pili watu hawapimi, na ndiyo ilinimaliza mimi.

Halafu ipande. Ukiisimamia miguu yote ikiwa chini, ubaki na nafasi ya vidole viwili au vitatu kati yako na bomba. Ukishika usukani, viwiko vikunjike kidogo. Ukiweka kisigino kwa pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Ukirudisha sehemu ya mbele ya wayo, goti likunjike kiasi.

Najua kuna msee atasema, "Si ushushe siti tu?" Kushusha siti hakufupishi bomba la juu. Unaweza kuweka shingo fupi ya usukani, lakini ukizidisha, usukani unakuwa mwepesi mpaka unaogopa kukohoa. Ndogo kidogo unaweza kuinua siti na kurefusha shingo. Kubwa hairudi. Ukiwa katikati ya saizi mbili, chukua ile ndogo.

Lakini usipitilize pia. Rafiki yangu mmoja alichukua fremu ndogo sana yenye magurudumu makubwa ya kawaida. Akikata kona polepole kwa geti ya ploti, kidole cha kiatu kinagonga tairi la mbele. Kwa sababu pedali hazisimami, alianguka mbele ya watoto wa jirani. Mara mbili. Kwa hivyo weka pedali mbele, geuza usukani, uone kama kiatu kinagusa.

"Lakini pesa?" Manze, pesa ndiyo sababu yenyewe. Mimi niliuza ile 58 kwa 9,000. Hiyo 6,000 niliyopoteza ingenunua breki nzuri ya mbele, ambayo pia mnafaa kuweka, lakini hiyo vita tutapigana siku nyingine. Kungoja miezi miwili upate saizi yako ni rahisi kuliko goti bovu.

Na ile 58? Nilimuuzia jamaa mrefu hivi. Alipokuja sikumwambia atazoea. Nilimpima kwanza. Inamkaa kama alizaliwa nayo. Fremu haikuwa mbaya, haikuwa yangu tu.

Kwa hivyo leo jipime, halafu uniambie ukweli hapo chini: unaendesha saizi yako, ama bado unangoja kukua nayo?