Chenji ya Rada na Wapinga Mapatano

Wapo wenzetu, hasa maofisini, wanaodai kwamba Serikali inayokaa meza moja na kampuni iliyokosa imeiuza haki. Maneno hayo ni matamu masikioni, lakini hayajanunua hata daftari moja la mtoto wa Mbagala au Tandale.

Na tuikumbuke rada. Taifa letu lilitozwa pauni milioni 28 na kampuni ya Kiingereza, BAE Systems, na ndani ya biashara hiyo dalali akalipwa dola zaidi ya milioni 12. Uchunguzi ulichukua miaka. Mwaka 2010 wapelelezi wa Uingereza walipatana na kampuni hiyo ikiri kosa mahakamani na ilipe. Faini ilikuwa pauni 500,000. Pauni milioni 29.5 zilikuja Tanzania mwaka 2012 kwa ajili ya vitabu na madawati ya shule za msingi. Wananchi wakaziita "chenji ya rada". Je, Mwalimu, kesi isiyo na mwisho ingekuletea vitabu hivyo?

Kampuni haina mikono ya kutiwa pingu. Ina fedha, ina mawakili, na ina subira kuliko mwendesha mashtaka yeyote. Ikifilisika, wanaoumia kwanza ni makarani na vibarua, wala si waliopanga hila. Basi ipigwe mfukoni, na aliyeibiwa arudishiwe.

Lakini mapatano yasiwe pazia. BAE ilikiri tu kosa la kutotunza hesabu sawasawa. Kwa rushwa haikutiwa hatiani. Hiyo ni kasoro kubwa. Shauri la Standard Bank la mwaka 2015 lilikuwa na nuru zaidi. Lilihusu dola milioni 6 zilizolipwa na benki ndugu yake ya hapa nchini, Stanbic, katika kazi ya mkopo wa Serikali wa dola milioni 600. Jaji aliyapima mapatano, na maelezo ya kosa yakatangazwa. Hata hivyo Tanzania ilipewa dola milioni 7, na zaidi ya milioni 25 zikabaki Uingereza. Kosa la Dar es Salaam, hazina ya London! Asiye na meza yake hula makombo ya jirani.

Meza yetu tuliijenga mwaka 2019, sheria iliporuhusu makubaliano ya kukiri kosa. Hapana budi tuilinde. Makubaliano yasomwe hadharani, kiasi kitajwe, na matumizi ya fedha yajulikane. Wakubwa waliotia saini wasijifiche nyuma ya jina la kampuni. Wala mahabusu asiye na dhamana asikamuliwe fedha: anayepatana huku mlango umefungwa hakupatana, amejikomboa.

Nanyi watumishi wa umma, mikataba imo katika makabati yenu. Faili lililotunzwa vizuri ndilo nguvu ya mwendesha mashtaka. Pasipo ushahidi hakuna kupatana; kuna kuomba tu.