James Bond Amechakaa, Lakini Koti Lake Bado Tunalivaa

Kila inaponukia habari ya senema mpya ya James Bond hurudi ubishi ule ule: je, jasusi huyu wa Kiingereza amekwisha pitwa na wakati? Ubishi huo huendeshwa London, lakini unatuhusu na sisi wa Same, Hedaru na Gonja. Vijana wetu wamemtazama mtu huyu katika vibanda vya video, tena akisimuliwa kwa Kiswahili.

Kwanza tumjue. Bond alitungwa na Ian Fleming, Mwingereza aliyefanya kazi ya upelelezi katika jeshi la maji la nchi yake wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1953. Senema ya kwanza, Dr. No, ilionyeshwa London Oktoba 1962. Angalieni tarehe hizo. Tanganyika ilikuwa imejitawala Desemba 1961. Jamaica, nchi inamotendeka hadithi ya Dr. No, ilijitawala Agosti 1962, miezi miwili tu kabla. Waingereza walikuwa wakishusha bendera yao kila mahali, na papo hapo wakatengenezewa mtu mmoja wa kwenye senema ambaye bado anaingia nchi ya watu bila hodi, anaua kwa kibali cha serikali yake, kisha anaondoka na suti yake safi.

Wasemao kwamba amepitwa na wakati hutaja ulevi wake, wepesi wake wa kuua na dharau yake kwa wanawake. Ni kweli. Lakini wenye senema wamekwisha liona hilo. Katika No Time to Die ya mwaka 2021, ambayo ni ya ishirini na tano katika mfululizo ule, namba 007 alipewa mwanamke mweusi, na mwishoni Bond mwenyewe akafa. Je, alizikwa? Hata kidogo! Mwaka 2025 kampuni ya Amazon ilishika usukani wa senema zake, na mwelekezi wa senema ijayo akatajwa. Maiti inayoleta fedha haizikwi.

Basi tusibishane juu ya suti na pombe, maana hizo hubadilishwa. Lisilobadilishwa ni lile wazo kwamba dunia huokolewa na mtu mmoja kutoka Ulaya, na nchi zetu ni uwanja wake wa kukimbilia. Tazameni Casino Royale ya mwaka 2006. Iko sehemu inayosemwa kuwa ni Mbale, Uganda. Afrika ile ni msitu, waasi na fedha chafu. Wa kutengeneza mambo anatoka London. Wazo hilo ndilo lililochakaa, nalo lilikuwa limechakaa tangu siku ya kwanza.

Watu wetu hawakukaa kimya. Elvis Musiba alitupa Willy Gamba, mpelelezi wa Tanzania, katika Kufa na Kupona mwaka 1974. Gamba hakupigania taji la mtu. Alipigania siri za wapigania uhuru, wakati Kamati ya Ukombozi ya Afrika ikiwa na makao yake Dar es Salaam. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini tuseme kweli: kazi ya Gamba ilikuwa yetu, koti lilikuwa la Bond. Hoteli, pombe, warembo na bastola, vyote vile vile. Na nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Hapa ndipo Upare una la kusema. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilipoleta kodi ya mbiru, ambayo kila mtu alikadiriwa mali yake na kutozwa juu ya kodi ya kichwa, watu wa milima hii hawakungoja shujaa mmoja. Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka mpaka hapa Same, wakakaa, wakakataa. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao wakaandamana. Mwaka 1947 kodi ile ikaondolewa. Hawakuwa na bastola wala gari la kurusha risasi. Walikuwa na umoja, subira na viongozi kama Paul Mashambo.

Nani ataniambia kwamba hadithi hiyo haina msisimko? Maelfu ya watu wakishuka milimani, wakikaa na kukataa: senema gani inataka zaidi?

Wengine watasema senema ni burudani tu, tuwaache vijana wapumzike. Wapumzike, ndiyo, wala sidai Bond apigwe marufuku, kwa maana marufuku humpa mtu sifa asizostahili. Lakini kijana ajifunzaye kila jioni kwamba ushujaa ni kazi ya mtu mmoja mwenye silaha, kesho tukimwita kwenye mkutano wa kijiji atauliza: mimi nitafanya nini?

Basi matawi yetu ya vijana na walimu wa shule zetu wafanye kazi hii: waende Usangi, Mamba na Chome, waandike yale ambayo watoto na wajukuu wa watu wa mbiru bado wanayakumbuka. Kisha itungwe michezo, na ipigwe senema ya Kiswahili. Bond atapitwa na wakati siku ile tutakapokuwa na cha kutazama badala yake. Shime, ndugu zangu, tuanze.