Wito wa JKT na Mfuko wa Mzazi

Vijana wa kidato cha sita wanaoitwa JKT kwa mujibu wa sheria huagizwa kufika na bukta ya bluu iliyokoza, fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi na nauli ya kwenda na kurudi. Tangu utaratibu huu uliositishwa mwaka 1994 urejeshwe mwaka 2013, tumewaona wazazi, hasa wajane, wakikopa ili mtoto asiaibike kambini. Harusi tunazichangia bila kusitasita. Mbona Jumuiya Ndogo Ndogo zisichangie nauli hii? (Rozari haimo katika orodha, wala haiongezi uzito begini.) Shuka za aliyerejea mwaka jana, zikifuliwa, zitamfaa jirani anayeondoka sasa.